Askofu Edward Steere, Mjenzi Aliyekuja Baada ya Tufani



Mwezi wa Aprili una sifa yake katika pwani yetu. Ni mwezi wa masika, mwezi wa palizi, na ni mwezi ambao wazee wa Shangani hutazama bahari kwa makini zaidi kuliko miezi mingine. Aprili 1952 tufani kubwa iliipiga Lindi, watu wakafa na nyumba nyingi zikaanguka. Aprili 2019 tuliambiwa kwamba kimbunga kiitwacho Kenneth kinatujia. Tulifunga madirisha, tukavuta ngalawa juu pwani, tukakaa ndani kusali na kungoja. Kimbunga kikapita kusini yetu, kikawaangukia ndugu zetu wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, watu ambao wengi wao ni shemeji na wajukuu wa nyumba zetu wenyewe. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika upande wa Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, hata bidhaa zikakwama njiani kwa siku kadhaa.

Kila mara jambo la namna hii linapotokea, maswali yale yale hurudi katika parishi zetu. Mwenye nyumba iliyoanguka asaidiweje? Apewe nini, na kwa muda gani? Nani aamue nyumba mpya isimame wapi? Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake Waanglikana wa kusini wanalijua, lakini kazi yake hii wengi hawaijui. Mtu huyo ni Askofu Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Tumezoea kumkumbuka kwa vitabu vyake vya Kiswahili na kwa Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja. Tunataka leo mumwone kama mjenzi wa maskani za watu.

Kijana wa London

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya sheria, kisha mwaka 1850 akapata udaktari wa sheria na kuingizwa katika kazi ya uwakili. Njia ya fedha na heshima ilikuwa wazi mbele yake. Lakini moyo wake ulikuwa kwa maskini na kwa kazi za mikono. Alijifunza kupiga chapa vitabu, na ufundi huo alioufanya kama mchezo wa ujana ulikuja kuwa na faida kubwa huku kwetu.

Mwaka 1856 alipewa ushemasi. Baada ya muda alipelekwa Skegness, mahali pa wavuvi katika pwani ya mashariki ya Uingereza. Wavuvi hawapendi maneno mengi, na sisi wa Shangani twajua hivyo. Walimpenda Padre huyu kwa kuwa hakuogopa kuvua koti lake na kukunja mikono ya shati pale penye kazi. Tabia hiyo hakuiacha mpaka kufa. Mwaka 1862 alipewa parishi ndogo ya mashambani, Little Steeping, na huenda angekaa huko mpaka uzeeni kama si rafiki yake William Tozer.

Jambo lililoanza vibaya

Misheni ya UMCA ilianza baada ya Dakta Livingstone kuhutubia huko Cambridge mwaka 1857. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alikwenda nchi ya mto Shire, akakusanya pale Magomero watu waliookolewa katika mikono ya wafanyabiashara wa watumwa. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862. Halafu ikaja ukame, na baada ya ukame njaa, na watu wengi wa nchi ile wakafa.

Tozer akachaguliwa kuwa Askofu wa pili mwaka 1863, akamwomba Steere afuatane naye. Walifika mto Zambezi, wakakaa kwa muda mfupi katika mlima Morambala, wakaona kwamba misheni haiwezi kuendelea pale. Tozer akaamua kuihamisha mpaka Unguja. Wale watu waliokuwa wamekusanywa na misheni hakutaka kuwachukua wote, na wengine katika wamisionari walichukizwa sana. Livingstone naye alimlaumu waziwazi. Baadhi ya wanyonge wale walichukuliwa mpaka Afrika Kusini kwa juhudi za watu wengine.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu haifai kuandika maisha ya watu wema kana kwamba hawakuhusika na makosa. Steere alikuwamo katika safari ile. Aliona kwa macho yake jinsi watu wanavyokusanywa kwa huruma, kisha wakaachwa mzigo ulipokuwa mzito. Tukifuata maisha yake ya baadaye tutaona kwamba alitumia nguvu zake nyingi katika kutenda kinyume cha jambo lile.

Unguja na lugha yake

Walifika Unguja tarehe 31 Agosti 1864. Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa Shangani, jina lile lile la mtaa wetu huu wa Mtwara. Sultani Majid akampa Askofu wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Watano hao ndio mwanzo wa shule, na mwanzo wa Kanisa letu katika nchi hizi. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi na Steere mwaka 1879.

Steere alianza kujifunza Kiswahili kwa namna ambayo sisi walimu tungependa kila mwanafunzi aifuate. Alikaa na wenye lugha. Alisikiliza Waislamu wenye elimu, akasikiliza wasimuliaji wa hadithi, akasikiliza watoto wa shule wakicheza. Mwaka 1870 vikatoka vitabu vyake viwili, kimoja cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na kimoja cha hadithi za Waswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, njia ilikuwa imekwisha kulimwa na wengi, naye alikuwa mmoja wa waliotangulia kushika jembe.

Lakini mwaka 1868 ilimbidi arudi Uingereza. Akaingia tena katika parishi yake ya Little Steeping. Alikuwa amefanya kazi yake, na hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki huko.

Tarehe 15 Aprili 1872

Wakati Steere yuko Uingereza, Unguja ilipata misiba miwili. Wa kwanza ulikuwa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, kilichoua maelfu. Wa pili ulikuwa tufani ya tarehe 15 Aprili 1872.

Kimbunga ni jambo geni katika Unguja, maana kwa kawaida vimbunga vya Bahari ya Hindi huzunguka kusini zaidi, upande wa Madagaska na Msumbiji. Watu hawakujiandaa. Merikebu za Sultani Barghash zilivunjika bandarini, na majahazi mengi pamoja nazo. Nyumba ziliezuliwa, nyingine zikaanguka kabisa. Jengo la shule ya misheni pale Kiungani liliharibika vibaya. Lakini hasara kubwa kuliko zote ilikuwa mashambani. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa cha Unguja iling'olewa au kuvunjwa kwa siku moja. Pemba haikuumizwa namna ile, na ndiyo maana tangu wakati huo karafuu nyingi hutoka Pemba.

Wenye mikorosho na minazi wataelewa maana ya jambo hilo upesi. Nyumba ya miti na udongo iliyoanguka leo, majirani wakishikamana, baada ya mwezi mmoja inakandikwa upya na kuezekwa makuti. Lakini mnazi ulioanguka haurudi kwa mwezi. Mche mpya hukaa miaka sita, saba au zaidi ndipo uzae, na mkarafuu kadhalika. Kwa hiyo tufani huangusha nyumba kwa siku moja, na huendelea kuleta njaa kwa miaka.

Tena, wasomaji wapendwa, katika msiba kama huu mzigo haugawanywi sawasawa. Wenye mashamba walitaka kupanda upya, na ili kupanda walitaka mikono, na mikono waliyoijua wao ilikuwa ya watumwa. Serikali ya Uingereza ilipomtuma Sir Bartle Frere mwanzoni mwa mwaka 1873 kumtaka Sultani akomeshe biashara ya watumwa kwa bahari, moja ya sababu alizozitoa Sultani kukataa ilikuwa hasara ya tufani. Basi msiba wa upepo ulikuwa karibu kuongeza msiba mwingine, kwa kuwa walioanguka walitaka kusimama juu ya mabega ya walio chini zaidi.

Aliyekuja wengine walipoondoka

Askofu Tozer alikuwa amevunjika afya, akaondoka Unguja, na mwaka uliofuata akajiuzulu. Wamisionari waliobaki walikuwa wachache mno. Huko Uingereza walikuwapo waliofikiri kwamba misheni imekwisha.

Hapo ndipo Steere alipojitolea kurudi. Mke wake alibaki Uingereza, na alijua kwamba haendi kwa muda mfupi. Alifika miezi mingi baada ya tufani, wakati habari yake ilikwisha kutoka katika magazeti na huruma ya watu wa mbali imepoa. Tunaomba wasomaji walishike jambo hili. Juma la kwanza baada ya msiba watu huwa wengi, unga huletwa na nguo huletwa. Mwezi wa tatu mlango wa aliyeanguka huwa kimya. Mwezi wa nane ni yeye na Mungu wake. Steere alikuwa mtu wa mwezi wa nane.

Alipofika hakuwa na fedha nyingi wala watu wengi. Alianza na yaliyokuwapo. Wavulana walirudi masomoni. Mtambo wa kupiga chapa ulifanya kazi, na vijana wakajifunza kupanga herufi, kupiga chapa na kufunga vitabu, ufundi ambao ungewapa riziki hata kama misheni isingekuwapo. Wengine walijifunza uashi na useremala.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Padre Arthur West wa misheni alinunua sehemu ya kiwanja cha soko lile, na mfanyabiashara mmoja Mhindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine kuwa zawadi. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Mwaka mmoja na miezi minane tu ilikuwa imepita tangu tufani.

Kanisa la matumbawe

Tarehe 24 Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu katika Westminster Abbey, London, akarudi Unguja akiwa Askofu, lakini hakuacha kuwa fundi. Ujenzi wa Kanisa la Mkunazini aliusimamia mwenyewe. Alisimama juani pamoja na waashi, akapima mawe, akaangalia chokaa na saruji zinavyochanganywa. Dari aliijenga kwa upinde mmoja mpana wa vipande vya matumbawe na saruji. Inasimuliwa kwamba watu wengi mjini waliamini dari ile itaanguka siku nguzo za kuishikilia zitakapoondolewa. Ziliondolewa, na dari ingaliko hata leo. Wageni wanaozuru kanisa lile huonyeshwa pia nguzo fulani ambazo inasemekana mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha vile vile.

Ibada ya kwanza katika kanisa hilo ilifanyika siku ya Noeli. Kabla ya siku hiyo, kwa miaka, Steere alihubiri kwa Kiswahili pale pale sokoni ndani ya kibanda cha udongo. Hakungoja jengo ndipo aanze kazi.

Kwa nini alijenga kwa mawe katika mji ambao upepo uliuangusha juzi tu? Sisi tunaona kwamba alitaka waliouzwa mahali pale waone kitu kisichoondoka. Mtu aliyebebwa kutoka kwao, akauzwa, akaokolewa, kisha akaona tufani inachukua na kibanda alichopewa, huyo hahitaji chakula tu. Anahitaji kujua kwamba pana mahali duniani patakapokuwapo kesho.

Nyumba za Mbweni

Misheni ilikuwa na shamba Mbweni, kusini ya mji, lililonunuliwa mwaka 1871 na kuongezwa mwaka 1874. Baada ya mkataba wa 1873, manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi ya magendo, na watu waliotolewa humo waliletwa Unguja. Watoto waliweza kwenda shule. Lakini watu wazima je? Mwanamke aliyetoka Nyasa bila mume wala ndugu, asiyejua Kiswahili, mgonjwa na mwenye hofu, aende wapi?

Pale Mbweni watu hao walipewa mahali pa kujenga na kipande cha ardhi cha kulima, wakafanya kazi na kulipwa. Waliooana walianza nyumba zao. Kanisa la Mtakatifu Yohana likajengwa, na shule ya wasichana ikapata mwalimu hodari, Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kukaa huko maisha yake yote.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengine huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Sisi twaiona ni methali ya heshima. Mgeni anayelishwa daima hubaki mgeni, na mgeni aliyepewa jembe amekwisha kuwa mwenyeji, maana jembe lina shamba lake. Mbweni ilikuwa siku ya tatu kwa watu wale.

Lakini Steere hakuridhika. Aliona kwamba Mbweni, pamoja na wema wake wote, ilikuwa ardhi ya misheni. Anayekaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, hata mtu mwema, hutembea kwa uangalifu. Watu walikuja kuomba ruhusa kwa kila jambo, na wamisionari wakazoea kuombwa. Tena wengi wa watu hao walikuwa na kwao, upande wa bara, nchi za Wayao, Wamakua na Wanyasa. Steere akaanza kufikiri kwamba msaada hasa ni kuwarudisha walikotoka, au karibu na walikotoka, wajenge vijiji vyao wenyewe.

Njia ya Lindi

Hapa habari inaingia katika nchi yetu. Mwaka 1875 Askofu alipanda chombo mpaka Lindi, akatembea kwa miguu hadi Mwembe kwa Mataka, mtawala mkuu wa Wayao, ng'ambo ya Ruvuma. Alikwenda kutazama njia na kuomba mahali. Alikuwa na umri wa miaka 47, na njia ile ni ndefu hata kwa kijana.

Oktoba 1876 alirudi Lindi, safari hii akiwa na watu wapatao 55 kutoka Mbweni, wanaume na wanawake, waliokubali kwenda kuanza kijiji. Pamoja naye walikuwako William Percival Johnson, kijana aliyekuwa ametoka Uingereza mwaka ule, na Bwana Beardall. Nia yao ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea kwa Mataka na Ziwa Nyasa. Wakapanda kutoka pwani kwa njia iliyokuwa imekanyagwa na misafara ya watumwa. Watu walioburutwa kwa njia ile kuja pwani sasa walikuwa wanairudia kwa hiari yao, wamebeba majembe na vyungu vyao.

Walipofika Masasi, chini ya majabali yale ambayo kila msafiri wa barabara ya Newala na Tunduru anayajua, watu waliona nchi nzuri, maji yapo, chakula kinapatikana. Wengine walijiona wamekwisha kufika katika nchi yao. Hawakutaka kuendelea mbele. Steere alikuwa na mpango wake, na gharama ya safari ilikuwa imelipwa kwa ajili ya mpango huo. Lakini aliwasikiliza. Akaomba ruhusa ya wenyeji, na kijiji kikaanzwa pale pale.

Tunafikiri jambo hili lina thamani kuliko mawe yote ya Mkunazini. Mwenye kutoa msaada alibadili shauri lake kwa sababu wenye kusaidiwa walijua vizuri zaidi wapi wanataka kulala na kulima. Kila familia ikapata kiwanja. Wakakata miti na fito, wakakandika, wakaezeka nyasi, wakafungua mashamba kabla ya mvua. Askofu alikaa nao mpaka kazi imeshika njia, kisha akarudi pwani, akimwacha Johnson. Mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples, na kijiji kikakua. Hiyo ndiyo Masasi, ambayo dayosisi yetu ikaitwa kwa jina lake ilipoanzishwa mwaka 1926.

Mwisho wa safari

Steere aliishi miaka sita baada ya hapo. Alikamilisha tafsiri ya Agano Jipya lote kwa Kiswahili, akatafsiri Kitabu cha Sala, akaendelea na Agano la Kale. Mwaka 1882 alikuwa Uingereza, afya yake imechoka. Akarudi Unguja mwezi wa Agosti, na siku chache baadaye, tarehe 27 Agosti 1882, alikufa usingizini. Alikuwa na umri wa miaka 54. Akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Hakujua yaliyokuwa yanakuja. Katikati ya Septemba ya mwaka ule ule, Wangoni waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara waliishambulia Masasi. Watu wengine waliuawa, wengine walitekwa, nyumba zikachomwa. Waliosalia walipaswa kuanza tena kwa mara nyingine. Kituo kikahamia Newala, na baadaye Masasi ikajengwa upya.

Mtu angeweza kusema kwamba kazi ya Steere iliharibika kabla kaburi lake halijakauka. Lakini tazameni kilichobaki. Watu waliokwisha kujifunza kujenga, walijenga. Mwaka 1886 kijana Myao aliyetolewa utumwani na kulelewa Kiungani, Cecil Majaliwa, alikwenda Chitangali, katika nchi hii hii yetu ya Mtwara, akaanza kanisa na shule kati ya watu wake. Mwaka 1890 alipewa upadre, akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupata daraja hilo. Hakuwa tena mtu wa kusaidiwa. Alikuwa baba wa wengine.

Na sisi je?

Tumeyaandika haya kwa sababu masika haijaisha, na kwa sababu katika parishi yetu wamo watu ambao nyumba zao hazitastahimili upepo mkubwa. Twawajua. Wamo wajane ambao makuti yao yameoza. Wamo wavuvi ambao chombo kikivunjika hawana kingine, na mvuvi bila chombo hata akijengewa nyumba ya bati atalala njaa ndani yake.

Tumewahi kuona msaada unaofika kwa kelele ukaondoka kabla ya mwezi kwisha. Tumeona pia mabati yakigawiwa kwa watu wasiokuwa na kuta za kuyaweka, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Hatusemi hivi kumlaumu mtu. Hata sisi wenyewe katika kanisa tumefanya hivyo. Tumetoa kwa moyo katika sadaka ya Jumapili moja, tukadhani tumemaliza.

Maisha ya Askofu Steere yanatufundisha mambo machache, nayo si magumu. Tuje hata kama tumechelewa, na tukija tukae. Tutoe jembe, nyavu na mche pamoja na unga. Tuwafundishe vijana ufundi mikono yao ingali na nguvu. Tukubali kwamba mwenye kuanguka ndiye ajuaye atakaposimama. Na kazi yetu ikiharibiwa, tusihesabu kuwa bure, maana mtu aliyesaidiwa kusimama huweza kusimama tena.

Tunapendekeza kwamba kabla ya mwezi huu kwisha, kila jumuiya iende kutazama paa moja, la mtu asiyeweza kupanda juu yake mwenyewe. Wanaume walete fito na kamba, akina mama walete makuti na maji, na vijana wapande. Kuziba ufa ni rahisi kuliko kujenga ukuta. Na kila atakayepata nafasi ya kwenda Unguja, aingie Mkunazini, apite nyuma ya altare, asimame kidogo pale kaburini, amshukuru Mungu kwa mtu yule wa mwezi wa nane.

Ee Mungu, umpe mtumishi wako Edward raha ya milele, na nuru ya daima imwangazie. Utujalie sisi nasi tusichoke kutenda mema. Amina.